Kalafati ya Salumu

Ufunguo sitoi. Nimeufunga hapa kwenye pindo la kanga, na anayeutaka aje aufungue mwenyewe, tuone kama kwao alifunzwa adabu. Wewe Abdulwahab unasema dagaa wako wataharibika, na abiria wako wa Mbegani wanaungua na jua kule nyuma ya pikapu. Wateremke basi, waje wakae kivulini hapa kibarazani kwa Shabbir wa vipuri. Mwezi mzima nakutafuta, ukiniona unakata kona. Leo umesimama kununua taa, nimechomoa ufunguo, na hutaondoka mpaka nimemaliza habari ya mdogo wangu.

Nyote mlimjua Salumu, au mlidhani mnamjua. Salumu wa pikapu ya kijani, mwenye kitambi, anayeanza kucheka kabla hadithi yake mwenyewe haijafika penye kuchekesha. Tulizaliwa wawili tu, mimi Mwaija ndiye mkubwa, nimemzidi miaka saba, na nimembeba mgongoni mpaka alipokuwa mzito kuliko ndoo ya maji. Baba yetu alikuwa fundi wa kalafati hapa hapa ufukweni. Hakuunda vyombo, aliviziba. Seremala akishapigilia mbao zake, baba alikuja na pamba iliyoloweshwa mafuta ya papa, na chembeu yake, ile patasi butu, akasindilia pamba kwenye kila mwanya mpaka tone lisiingie. Ukiona vyaelea vimeundwa, watu husema. Baba alikuwa akiongeza kwamba vimeundwa na vikazibwa.

Salumu alirithi sura ya baba, mkono nikaurithi mimi. Nilimsokotea baba pamba tangu utotoni, na alipoanza kutetemeka vidole nilikuwa nasindilia mimi, yeye ananiangalia. Mdogo wangu bahari hakuitaka kabisa. Alitapika hata ndani ya mtumbwi uliofungwa kwenye mti. Akaenda zake Lugoba kuwa utingo wa malori ya barabara kuu, akajifunza udereva huko, na miaka kumi baadaye akarudi na pikapu yake mwenyewe, ya mkono wa pili. Ile ya kati mnayoijua, si kubwa kama za miradi, si kirikuu. Nyuma akaandikisha kwa rangi nyeupe, Subira Yavuta Heri. Nilimwambia angeandika jina la mkewe. Akasema Zuleha angedai gari ni lake.

Zuleha ni wa Saadani, familia ya watu wa kuanika samaki. Kwa hiyo maisha ya Salumu yakawa barabara ile. Siku nyingine alileta samaki wabichi hapa Bagamoyo, wamefukiwa kwenye barafu, maji yanachuruzika njia nzima. Kila Alhamisi alimpakia Zuleha na wanawake wenzake wanne na magunia yao ya ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi, akawapeleka gulioni Lugoba. Mgonjwa wa Saadani alipandishwa humo humo, mzazi humo humo, na sijasikia mtu aliyeachwa. Tembo wakikatiza barabara mle hifadhini alizima gari, akavua kofia, akawapa shikamoo. Abiria walicheka mpaka machozi. Yeye alisema mwenye mwili mkubwa huamkiwa, ndiyo maana na yeye anangoja kuamkiwa.

Gari lilikuwa halijamaliza miezi mitatu mikononi mwake alipokuja kwangu uso umemshuka. Fundi mmoja wa kuchomelea alikuwa amemwambia kwamba maji ya samaki yatakula chesisi, maana chuma na chumvi havikai nyumba moja, na chesisi ndiyo uti wa mgongo wa gari. Salumu akaniuliza, dada, baba angefanyaje? Hilo swali lilinipa kiburi, leo nasema wazi. Nikatandika jamvi nikaingia chini ya gari mwenyewe, kwa sababu yeye kwa kitambi kile hakuweza kupita bila kulipiga jeki. Nikaona zile boriti mbili ndefu za chuma, zina uwazi ndani kama mianzi, na kwa chini zimetobolewa matundu, moja hapa, moja pale, yote kumi na mawili. Nikashangaa. Fundi gani mwenye akili anaacha matundu kwenye tako la chombo? Kwetu sisi tundu la chini ni kifo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikamwambia. Nikasokota pamba, nikaloweka mafuta ya papa, nikasindilia yote kumi na mawili kwa chembeu ya marehemu baba. Nikamaliza kwa kupaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, chesisi nzima ikawa nyeupe. Salumu akanibusu mkono. Miaka ikapita, ukitazama kwa nje hapakuwa na hata doa la kutu, na mdogo wangu akatangaza njia nzima kwamba dada yake ameshinda kiwanda. Madereva wakaja. Nilizibia magari saba yenye chesisi ile ile, la Salumu na mengine sita. Matano nimeshayazibua tangu arobaini yake ipite. La sita ni hilo hapo, Abdulwahab, na nililala chini yake mwenyewe, wewe ukinimulikia tochi.

Sasa sikilizeni habari ya ratiba, maana ndiyo iliyomkalisha. Mnakumbuka kampuni iliposema itatoa umbo jipya la pikapu hii? Shabbir alikuwa akiletewa makaratasi na mawakala wa Dar, kwa sababu ya vipuri, ajue kipi kitaendelea kuundwa na kipi kitaachwa. Binti yake Batul ndiye msomaji. Kila Ijumaa baada ya sala Salumu alikaa hapo, kwenye hicho kigoda, akauliza ratiba ya kiwanda kama watu wanavyouliza mwezi umeandama. Akaijua kuliko alivyojua siku aliyozaliwa. Injini ipi itabaki, kiti kipi kitabadilishwa, mwaka gani la zamani litakoma. Fedha ya kubadilisha gari alikuwa nayo, aliiweka kidogo kidogo. Angeweza kununua hata lile lile la zamani, jipya kutoka kiwandani. Lakini mtu mwenye akili, alisema, hanunui la zamani wakati jipya liko njiani.

Kwanza wakasema miaka mitatu. Ikaja korona, wakasogeza. Wakasema litatoka, likatoka kwa nchi nyingine, sisi tuvute subira. Wakasogeza tena. Kila wakisogeza, Salumu alirudi nyumbani kunieleza kwa utulivu kabisa kwamba wenzetu wanapanga mambo ya miaka kumi mbele, si kama sisi tunaopanga chakula cha jioni. Nilimwambia wao wanapanga, wewe ndiye unayeendesha. Akacheka. Alikuwa na kichwa kigumu, Mungu amrehemu, na mimi nilikuwa nikimtania badala ya kumshika shati.

Dalili zilikuwepo. Mimi nikipanda nyuma hushika pale kati ya kabini na bodi, nikajivuta. Zamani uwazi ule ulipitisha kidole kimoja. Mwaka juzi vikapita viwili. Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, nikaona kiganja changu chote kinazama pale, na mlango wa dereva umeanza kukataa kufunga mpaka upigwe nyonga. Nikamwambia, hili gari linapinda. Akasema limezeeka kama wewe, linahitaji kukandwa.

Halafu maji. Akikanyaga breki tulisikia maji yanapiga chini ya miguu yetu, chwa, kama dumu lisilojaa. Wanawake wa Saadani wakasema gari la Salumu lina mimba, wakamuuliza atazaa lini. Tulicheka wote. Fundi akatafuta kwenye rejeta, akatafuta kwenye tangi, hakuona kitu. Mimi mtoto wa fundi wa kalafati, niliyefundishwa kusikia maji ndani ya chombo kabla ya kufundishwa kusoma, nilikaa juu ya maji yale safari kwa safari na sikujiuliza yako wapi. Ya chombo cha mbao ningeyajua. Hilo linaniuma kuliko yote.

Ikafika Alhamisi ile. Salumu alikuwa amelala Saadani kwa wakwe, asubuhi aende Lugoba na akina Zuleha kama kawaida. Usiku alinipigia simu kuniomba nipite kwa Shabbir mapema, maana ratiba mpya ya kiwanda ilikuwa imefika na Ijumaa ilikuwa mbali mno kwake. Saa tatu asubuhi nilikuwa hapa. Batul akafungua karatasi, akanisomea pole pole, anageuza Kiswahili huku anasoma.

Ikawa hivi. Umbo jipya kwetu halipo. Hili la sasa litaendelea kuundwa kwa nchi zetu mpaka mwaka elfu mbili thelathini na moja. Nikaguna, nikawaza jinsi nitakavyomcheka. Batul akaendelea. Kuanzia mwakani chesisi itaongezwa unene, na matundu ya kutolea maji yataongezwa kwa chini. Nikamwambia arudie. Akarudia, matundu ya kutolea maji. Akasoma na chini yake, kwamba wenye magari ya zamani wanaoishi kando ya bahari wahakikishe matundu hayo yako wazi wakati wote, kwa sababu maji ya chumvi huingia kwa juu, kwenye maungio ya bodi, na yasipopata pa kutokea huozesha chesisi kwa ndani. Kwa nje, akasoma, huenda isionekane dalili yoyote.

Shabbir aliniambia baadaye kwamba nilikaa chini sakafuni. Sikumbuki. Nakumbuka mikono yangu ilinuka mafuta ya papa, na sikuwa nimeyagusa kwa mwaka mzima.

Nikampigia Salumu, hapatikani. Zuleha, hapatikani. Kule hifadhini mtandao ni wa bahati. Niliwaona kwa macho ya moyo, wanawake watano juu ya magunia, ile njia ya mashimo, na ule uti wa mgongo uliooza ukibeba wote. Nilipiga mara ishirini. Batul alipiga kwa simu yake, Shabbir kwa yake. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, wafike Miono palipo na mtandao, nimwambie asimame.

Saa nne kasoro simu ikaita. Yeye.

"Shikamoo dada. Wamesemaje? Jipya linakuja lini?"

Sikuitikia hata marahaba. Nikamwambia, "Simamisha gari. Sasa hivi. Washushe wote."

Nilimbeba mgongoni, nimeshasema. Sauti yangu hiyo aliijua, hakuuliza. Nikasikia breki, na hata kwenye simu niliyasikia yale maji, chwa. Nikamsikia akiwaambia wateremke, na wanawake wakinung'unika, na Zuleha akiuliza kuna nini tena. Wakashuka wote watano, wakaenda kukaa ukingoni mwa barabara.

Hapo ingetosha. Ningenyamaza hapo, leo Salumu angekuwa amekaa kwenye kigoda hicho. Lakini nilitaka kazi ya mkono wangu itoke haraka, itoke kabla sijasikia tena sauti ile ya maji. Aibu ilinishika, Abdulwahab, na aibu ina papara. Nikamweleza habari ya matundu, nikamwambia, "Izibue ile pamba yangu. Izibue yote, usiache hata moja."

Akasema, "Haya dada, usilie basi." Akampa Zuleha simu.

Nilikuwa hapa hapa nilipokaa. Zuleha alikuwa akinielezea kila kitu, ananiita wifi, wifi, amechangamka, hajui uzito wa jambo. Akasema Salumu anatafuta bisibisi. Akasema anatoa jeki, si unamjua mwenzio kwa tumbo lile hapiti. Nilisikia jeki inapandishwa kwa mkono, kra, kra, kra. Aliiweka pale anapoiweka siku zote, chini ya chesisi, katikati. Magunia yote yalikuwa juu. Sikusema shusheni mzigo. Nilikuwa nimesema washushe watu, na yeye alifanya nilichosema.

Zuleha akasema, "Ameshaingia. Wifi, maji yanatoka! Yanatoka kama bomba, mekundu." Nikawasikia wanawake wanacheka, mmoja akapiga kigelegele, gari limezaa. Na Salumu chini kule akasema kitu, akaanza kucheka kabla hajakimaliza. Nilitabasamu, wallahi. Nilidhani Mungu amenisitiri.

Halafu jeki ikaingia ndani ya chesisi. Waliokuwepo wanasema haikupiga kelele kubwa. Ilipenya tu, kama kidole kwenye muhogo uliooza, na gari lote na magunia yake likakaa chini.

Simu haikukatika. Sitawaambia nilichosikia baada ya hapo. Zuleha na wenzake wanne na wapita njia waliliinua gari kwa mikono, na alipotolewa alikuwa bado anapumua, akafia njiani kwenye lori la kokoto kabla hawajaona lami. Tulimzika hapa Bagamoyo siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, saa ile ile aliyozoea kukaa kibarazani hapa kuuliza ratiba. Kifua chake nilikiona wakati wa kumuaga. Bisibisi ilikuwa imefumbatwa mkononi, walipata shida kuitoa, na kwenye ncha yake kulikuwa na pamba yangu.

Wapo wanaoniambia, Da Mwaija, umewaokoa watano. Zuleha mwenyewe ananiambia hivyo, na ana haki ya kunitemea mate. Nilimkasirikia Shabbir wiki nzima kwa karatasi zake, nikaikasirikia kampuni iliyokuwa ikisogeza miaka kama mtu anayesogeza kiti. Lakini kampuni ilitoboa matundu. Mimi ndiye niliyeyaziba.

Basi nimeichukua chembeu ya baba. Nimekwenda Saadani, nimekwenda Lugoba, nimemfuata kila mmoja. Magari matano, nimelia chini ya kila moja. Mawili chesisi ilikuwa bado ni chuma. Matatu mengine nilipoligusa tundu la kwanza lilitanuka lenyewe, na wenye magari hayo wameyaacha yamekaa, hayatembei tena. Wewe peke yako ndiye uliyenikimbia. Na leo unanijibu nini mbele za watu? Kwamba Batul amekusomea, gari hili litaundwa mpaka elfu mbili thelathini na moja, vipuri vitakuwepo tele, kwa hiyo utalivuta vuta mpaka hapo, kisha utanunua. Unatabasamu. Umekaa pale pale alipokuwa akikaa.

Ulipofunga breki hapo mbele ya duka, Batul alinitazama na mimi nikamtazama. Wote wawili tuliyasikia maji. Ndiyo maana nilikwenda kuweka mkono wangu pale kati ya kabini na bodi kabla sijachomoa ufunguo. Abdulwahab, mwanangu, vidole vyangu vimeingia vinne.

Usinyooshe mkono, ufunguo sitoi. Na wewe kijana uliyesimama hapo, ondoka karibu na hilo gari, jeki usiiguse. Wateremke watu wote, na wale watoto. Haya, sasa magunia, moja moja, yote, mpaka bodi ibaki tupu. Shabbir, kule uani kwako kuna matofali, yalete, tuyapange chini ya gari pande zote nne.

Leo naanza na mzigo.